Habari gani? Umoja

Mara ya kwanza kuulizwa "Habari gani?" na mtu aliyezaliwa Washington, nilijibu kama mama alivyonifunza: "Nzuri, shikamoo." Alikuwa mama mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, kajifunga kilemba cha kitenge juu ya koti zito, kasimama mlangoni mwa ukumbi akipokea watu. Akatabasamu, akasubiri. Nikadhani hajanisikia, nikarudia. Nyuma yangu kijana mmoja akapaza sauti: "Umoja!" Yule mama akaitikia "Umoja!" na foleni nzima ikaitikia. Ilikuwa tarehe 26 Desemba, siku ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi inayotumia maneno ya Kiswahili, nje baridi ya kuuma masikio, na mimi mzaliwa wa Lushoto, niliyesoma kwa Kiswahili tangu chekechea, nilikuwa mtu pekee pale mlangoni ambaye hakujua salamu ile inajibiwaje.

Mahali penyewe ni Anacostia Community Museum, makumbusho ya jamii yaliyo kusini-mashariki mwa Washington, ng'ambo ya mto Anacostia, upande ambao watalii wengi hawavuki. Mimi naishi Maryland, si mbali. Tangu siku ile, kila majira ya baridi yanapokaribia, natazama ratiba yao kama mkulima anavyotazama mawingu. Sasa majani yameshadondoka, saa kumi na moja jioni giza limeingia, na kwenye kundi letu la WhatsApp kina mama wameanza kuulizana watoto wapelekwe wapi likizo ya Desemba. Nimeona niandike kwa urefu badala ya kutuma ujumbe wa sauti wa dakika tano tano.

Neno lenyewe kwanza. Mtu wa Dar ukimwambia unakwenda Makumbusho, atakuuliza unapanda gari la wapi, maana Makumbusho ni kituo cha daladala kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Wengi wetu tulipelekwa na shule siku moja, tukapanga mstari, tukaambiwa tusiguse, tukarudi. Makumbusho tuliyaelewa kuwa nyumba ya vitu vya zamani vilivyofungiwa kwenye kioo, na wenyewe ni serikali. Haya ya Anacostia yalianza kwa njia nyingine kabisa, na mwanzo wake ndio ulionifanya niyapende.

Taasisi ya Smithsonian ina majumba makubwa ya makumbusho katikati ya jiji. Katikati ya miaka ya 1960 katibu wake mkuu, Dillon Ripley, alikuwa akisumbuliwa na jambo moja: watu wa mitaa ya Weusi maskini hawaingii katika majumba yale, ingawa hayatozi kiingilio. Akataka makumbusho madogo yapelekwe mtaani kwao. Wakazi wa Anacostia wakasema waje kwao. Ikachukuliwa sinema iliyofungwa, Carver Theater, kwenye barabara iliyoitwa Nichols Avenue, ikasafishwa na kupakwa rangi kwa msaada wa majirani, na tarehe 15 Septemba 1967 milango ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na duka la zamani la mtaa, mfano wa chombo cha anga cha Mercury ambacho mtoto angeweza kuingia na kukaa, na wanyama hai. Kugusa kuliruhusiwa.

Mkurugenzi aliyechaguliwa alikuwa John Kinard, mchungaji wa miaka 30 ambaye hakuwahi kufanya kazi ya makumbusho hata siku moja. Alichokuwa nacho ni kuwajua watu wa mtaa, maana alikuwa akifanya kazi za jamii kati yao. Mtanzania mwenzangu, sikiliza hapa: mwaka 1962 Kinard alikuja Tanganyika na mpango wa Operation Crossroads Africa, kufanya kazi za kujitolea na vijana wenzake. Kabla hajashika makumbusho ya Anacostia alikuwa ameshaiona nchi yetu ikiwa na uhuru wa miezi michache tu. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo muda mrefu. Siwezi kusema alichukua nini kule, lakini kila ninapoingia pale najua kwamba mtu aliyepajenga aliwahi kutembea juu ya udongo wetu.

Kinard na wenzake waliwauliza watu wa mtaa: mnataka kuona nini? Jibu mojawapo likawa panya. Panya walikuwa wanawasumbua watoto majumbani, na hakuna mkubwa wa jiji aliyeliona kuwa jambo la makumbusho. Mwaka 1969 wakafanya maonyesho ya panya, na panya hai ndani yake: anavyoishi, magonjwa anayoleta, kwa nini anazaliana mahali ambapo taka hazizolewi. Hebu fikiria makumbusho ya Smithsonian yenye panya walewale wa uchochoroni kwako, na wewe mwenye uchochoro ndiye uliyependekeza. Wataalamu wa makumbusho duniani bado wanayataja maonyesho yale, kwa sababu yaligeuza swali. Hapo kabla jumba la makumbusho lilikuwa likimwuliza mtu, "Unajua hiki ni nini?" Kuanzia hapo likaanza kumwuliza, "Wewe unaishi vipi?"

Sinema ile haipo tena kama makumbusho. Tangu 1987 wamekuwa kwenye jengo la matofali juu ya kilima, Fort Place, miti imelizunguka. Jina nalo limebadilika mara kadhaa. Kinard alifariki mwaka 1989, akiwa na miaka 52 tu, na alikuwa mkurugenzi mpaka mwisho. Kiingilio ni bure hadi leo.

Turudi Desemba. Kwanzaa huanza tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, siku saba, kila siku na nguzo yake: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Ukiulizwa "Habari gani?" unajibu nguzo ya siku hiyo. Mezani hutandikwa mkeka, juu yake kinara chenye mishumaa saba, mweusi katikati, myekundu mitatu upande mmoja na ya kijani mitatu upande wa pili. Kuna mazao, kikombe cha umoja, zawadi, na hindi moja kwa kila mtoto wa nyumba ile, ambalo wao huliita muhindi. Aliyeianzisha ni Maulana Karenga, Los Angeles, mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Watts, mtaa wa Weusi wa jiji hilo, kuwaka moto kwa ghasia. Jina limetokana na "matunda ya kwanza". Ile a ya ziada mwishoni inasimuliwa kwamba iliongezwa ili watoto saba waliokuwepo kila mmoja apate herufi yake ya kushika.

Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa na kinyongo. Watu wetu wengi wanacho, nimewasikia: asili ya hawa ni Afrika Magharibi na Kongo na Angola, Kiswahili wamekitoa wapi? Na matamshi yale! Siku ile ya kwanza, baada ya shughuli, nilimfuata yule mama wa mlangoni nikamweleza kwa heshima zote kwamba muhindi kwetu watu wengi wangesema hindi, na kwamba habari gani hujibiwa nzuri. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia amekuwa akiyasema maneno haya tangu 1971, na kwamba aliyasema miaka mingi kabla hajamwona Mswahili kwa macho yake. Kwao, akasema, ukoo unajulikana mpaka kwa bibi mmoja wa South Carolina. Nyuma yake kuna ukuta. Hakuna anayejua bibi yule mama yake alisema lugha gani, maana lugha ile ilikatazwa na kupotea. "Tulikuwa hatuna wa kumwuliza," akasema, "kwa hiyo tukachagua." Akaniuliza mimi bibi yangu alisema lugha gani nyumbani.

Kisambaa, nikamjibu.

Sikuwa na la kuongeza. Bibi yangu mzaa mama alikufa akiwa anajua Kiswahili cha sokoni na cha kanisani tu. Mambo yake yote ya moyoni aliyasema kwa Kisambaa. Kiswahili ninachojivunia mbele ya wageni nilikipata shuleni, katika nchi iliyokaa ikaamua kwamba lugha hii isiyo ya kabila moja la bara ndiyo itakayotuweka pamoja, Msambaa na Mhaya na Mmakonde. Watu wa pwani wana haki ya kusema wamezaliwa nayo. Sisi wa milimani na wa bara tumechaguliwa lugha, kisha tukaichagua na wenyewe. Na Wamarekani Weusi walipoitafuta lugha ya Afrika wakaichukua hii kwa sababu hiyohiyo, kwamba si ya kabila moja na inaweza kubebwa na wengi. Tangu jioni ile mimi na yule mama nimetuona kuwa watu wa foleni moja.

Ukizipanga tarehe utashangaa zilivyokaribiana. Kwanzaa ya kwanza iliisha tarehe 1 Januari 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi wa pili mwaka uleule, na neno ujamaa likatoka kwetu kwenda dunia nzima. Septemba yake makumbusho ya Anacostia yakafunguliwa. Miaka saba baadaye, Juni 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ukafanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miongoni mwa waliohangaika kuuandaa walikuwa watu wa hapahapa Washington. Baba yangu mdogo alikuwa kijana Dar miaka ile na alikuwa akisimulia jinsi Wamarekani wenye nywele ndefu za mviringo walivyokuwa wakisalimia kila mtu barabarani, "Jambo ndugu!" Tulikuwa tunacheka. Sasa nasikitika kwamba hatukumwuliza zaidi kabla hajaondoka.

Kitu kingine cha Desemba ni mishumaa. Karibu na makumbusho kulikuwa na makazi yaliyoitwa Barry Farm, yaliyoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Shirika la serikali lililoshughulikia watu walioachwa huru lilinunua ekari 375, likauza viwanja vya ekari moja moja pamoja na mbao za kuanzia nyumba. Watu walikuwa wakifanya vibarua mjini mchana kutwa, jioni wakivuka mto kwa miguu, na usiku wakijenga kwa mwanga wa taa na moto wa kuni, wanaume kwa wanawake. Makumbusho haya yameikusanya historia ile kwa wajukuu na vitukuu wa waliojenga, kwa mahojiano na picha za familia. Kwa hiyo mishumaa inapowashwa kilimani pale, mimi huwaza mwanga wa aina hiyo ukitawanyika bondeni usiku wa Desemba, na mlio wa nyundo.

Januari nitaipita haraka, maana wengi mnaijua. Jumatatu ya tatu ya mwezi ni sikukuu ya Martin Luther King, ambayo nchi nzima ilianza kuiadhimisha mwaka 1986. Makumbusho kwa miaka mingi yamekuwa na mhadhara au shughuli ya kumkumbuka, na barabara ile ya Carver Theater, Nichols Avenue ya zamani, leo ndiyo Martin Luther King Jr. Avenue, ambako huwa na maandamano ya amani na bendi za shule. Mwaka niliokwenda, wapiga tarumbeta wa shule walivaa glovu zilizokatwa vidole ili waweze kubonyeza, na pumzi yao ilikuwa inaonekana hewani kila wanapoinua vyombo vyao. Vaeni soksi mbili. Chukueni chai ya tangawizi kwenye chupa.

Februari ndiyo ninayoipenda kuliko yote, kwa sababu ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpiganaji mashuhuri wa kukomesha utumwa. Nyumba yake, Cedar Hill, iko juu ya kilima kingine cha Anacostia, si mbali na makumbusho, na kutoka barazani kwake unaliona jiji lote na kuba la bunge. Aliinunua mwaka 1877, akaishi humo mpaka alipofariki Februari 1895. Alizaliwa mtumwa Maryland, jimbo ninaloishi mimi, yapata Februari 1818. Nimesema yapata kwa sababu mwenyewe hakuijua tarehe. Aliandika kwamba hakumbuki kukutana na mtumwa aliyeijua siku yake ya kuzaliwa. Walihesabu kwa wakati wa kupanda, wa kuvuna, wa matunda. Ukubwani akajichagulia tarehe 14 Februari. Mwaka 1926 mwanahistoria Carter G. Woodson, naye mkazi wa Washington, alipoanzisha wiki ya historia ya Weusi, aliiweka Februari ili iangukie siku ile ya Douglass na siku ya Abraham Lincoln, tarehe 12. Baadaye wiki ikawa mwezi mzima. Tarehe aliyojichagulia mtu asiyeijua siku yake ndiyo inayoongoza kalenda ya shule za nchi hii.

Baba yangu hati yake ya kusafiria inasema alizaliwa tarehe 1 Julai. Karibu kila Mtanzania wa umri wake ninayemjua kazaliwa tarehe 1 Julai au tarehe 1 Januari. Bibi alisema alizaliwa mwaka wa njaa, mvua za vuli zikiwa zimechelewa, na karani alipohitaji tarehe akaandika ya katikati ya mwaka. Nilipokuwa nashughulikia karatasi zake za kuja kututembelea, kwenye ofisi moja niliulizwa mara tatu kama hii ni tarehe ya kweli, kwa sauti ya mtu anayemshika mwongo. Niliumia sana kwa ajili yake. Mwaka jana Februari nikampeleka Cedar Hill. Mwelekezaji akaeleza habari ya tarehe 14, nikamtafsiria baba. Akakaa kimya, akaegemea mkongojo wake, kisha akasema, "Kumbe na mzee huyu karani alikuwa yeye mwenyewe." Akaomba tupige picha pale nje. Ile picha ndiyo iliyo sebuleni kwake Lushoto sasa.

Ndiyo maana kila mwaka nawasumbua watu wetu waje. Niliwahi kupeleka ombi kwenye chama kimoja cha wenzetu ili tukodi basi dogo la watoto, nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani, sisi tuna sherehe zetu. Sherehe zetu nazipenda. Pilau ya Desemba 9 siikosi. Lakini watoto wetu wanakua hapa. Wanaitwa Weusi shuleni bila mtu kuuliza baba katoka Tanga au Alabama. Kuna mahali, bila malipo, ambapo mtoto wako ataikuta lugha ya mama yake ikitamkwa kwa heshima na watu wazima mia moja wasio na ulazima wa kuitamka. Binti yangu alikuwa hataki kunijibu Kiswahili mbele ya wenzake. Alipokuwa na miaka saba, kwenye meza ya kazi za mikono, watoto wenzake walimfuata awasaidie kutamka "kujichagulia". Akawa mwalimu kwa dakika kumi. Sijawahi kuona kitu kikimbadilisha mtoto namna ile.

Shughuli za pale ni za kufanya kwa mikono na kwa mdomo: ngoma, hadithi, kusuka na kukata karatasi, mazungumzo, wazee wakisimulia mtaa ulivyokuwa. Hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tazameni ratiba kwenye tovuti yao kabla ya kutoka, na nyingine hutaka kujiandikisha mapema. Msio na gari, treni ya mstari wa kijani mpaka kituo cha Anacostia, halafu basi. Msiende kwa miguu na watoto, kile kilima kina mteremko na barafu haimwonei mtu huruma. Mwenye kanga aje nayo, watu huuliza maandishi yake yanasema nini, na mazungumzo huanzia hapo.

Mimi mwaka huu nabeba mkeka. Mama aliutuma na mtu, wa ukindu, mpana wa kutosha meza yoyote, kingo zake kazishona mwenyewe. Nilimwambia ni wa shughuli ya Kwanzaa nikaanza kumweleza, lakini kazi ya kueleza ilishafanywa na binti yangu mwaka jana. Ilikuwa tarehe 28 Desemba, tumetoka huko, tuko ndani ya gari tunasubiri kioo kiyeyuke, mama akapiga. Akauliza kama anavyouliza siku zote, "Mjukuu wangu, habari gani?" Mtoto akajibu kwa sauti kubwa, "Ujima!"

Kimya. Nikaogopa simu imekatika.

"Ujima wa shamba la nani?" mama akauliza.

Nilitaka kuingilia kati kufafanua, ila mama alikuwa ameshaanza. Akamweleza mjukuu wake jinsi babu yake alivyovunjika mguu mwaka mmoja wakati wa kupalilia, na majirani wakaja alfajiri na majembe bila kuitwa, kila nyumba mtu mmoja, wakamaliza shamba lote la mahindi siku mbili, na yeye alipika maharage kwenye chungu alichoazima kwa jirani, na wimbo walioimba, na nani alikuwa mvivu. Nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi ile. Kioo kilishayeyuka, gari limeshapata joto, tukabaki tumekaa palepale kwenye maegesho. Binti yangu alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, na kila mama alipotua kupumua alikuwa anauliza, "Halafu?"

Ameiandika kwenye daftari. Mwaka huu anataka kuwasomea wenzake, na mara mbili wiki hii amenirudisha kwenye simu nimwulize bibi yule mvivu alikuwa anaitwa nani.